Kadi ya Ukwaju

Nilimwona kwanza kiwanja cha Tononoka:
mguu wa kushoto una kiatu, wa kulia peku.
Jozi moja, watu wawili.
Nduguye Mwero alikuwa wingi ya pili
na kile cha kulia.
Mama yao alinunua mara moja, akasema: gawaneni.

Mimi siku za wiki nilifundisha hesabu,
Jumamosi nilishika filimbi.
Kuhesabu ni maradhi yangu, basi nawapa:
mabao mia moja na kumi na manne,
kadi nyekundu kumi na tisa,
saba zilitoka mfukoni mwangu.

Jina la kitambulisho, Masudi Mwarandani.
Jina la uwanjani, Ukwaju:
unakunja uso,
halafu waomba gilasi ya pili.

Mpira ukimfikia ulitii.
Mabeki wa bandarini, wapakuzi wa magunia,
vifua kama milango ya ghala,
aliwapita kwa bega moja kushuka
na neno moja sikioni.
Hilo neno ndilo lililowaangusha.
Nilikuwa karibu, nililisikia, silirudii.
Wana mama zao, bado wa hai.

Alimng'ata mtu kidole, mechi ya alasiri, mwezi wa Ramadhani.
Nilipomwita akafungua viganja:
"Nimefunga, Mwalimu. Ningekula vipi?"

Nusu fainali aliweka kiti cha plastiki katikati ya duara
akakaa, mguu juu ya mguu,
hadi mweka hazina alete mishahara ya wenzake, miezi mitatu.
Magazeti yakamwita mhuni. Jukwaa la kina mama wauza viazi
likamwita mwanaume.
Yeye mwenyewe keshalipwa, kimyakimya, juma lililotangulia.
Hilo tulilijua baadaye.

Fainali alifunga kwa mkono.
Uwanja mzima uliona
ila mimi, jua lilikuwa machoni.
Akishangilia akanipitia ubavuni:
"Pole, Mwalimu. Hesabu imekataa."
Wiki ile darasani niliuliza saba mara nane,
wakainua mikono wote arubaini
na hakuna aliyetaka kujibu.

Nikaapa. Huyu hanichezi tena.

Miaka miwili. Dakika ya sabini na moja.
Ndani ya kisanduku akaanguka, akapiga ukelele,
nami namjua kwa kuanguka,
kivuli cha mlingoti kilitosha kumwangusha.
Nikachomoa ya manjano. Kujiangusha.
Nikaiinua juu yake
kama mtu anayelipa deni mbele ya mashahidi.

Ndipo nikautazama mguu.
Umegeukia kule mguu usikogeukia.
Wa kushoto.

Akacheka. Wallahi alicheka, jasho linamtiririka:
"Andika, Mwalimu.
Hii ndiyo ya kwanza nisiyostahili."

Hakucheza tena.
Ripoti yangu ilikuwa mistari mitatu.
Kadi haikufutwa,
kitabu cha sheria hakina kifungu cha aibu,
nimekisoma chote, mara mbili, usiku.

Mwezi uliopita, Kongowea, nyuma ya marobota ya mitumba,
mjukuu wangu ataka kiatu cha mpira.
Kuna mtu ana fimbo na turubai:
vya kushoto huku, vya kulia kule,
vyauzwa kimoja kimoja.
"Kwa ajuaye mguu wake," asema.

Hakunisalimu. Alimtazama mtoto anavyosimama tu.
"Huyu ni wa kushoto."
Hakukosea.

Akataja bei.
Ilikuwa bei ya jozi mbili, na soksi.
Safari hii jua lilikuwa mgongoni mwangu,
niliona kila kitu,
hata kile kidole kinachojificha kicheko.

Sikupuliza.